Jina la Kuazima: Historia ya Uainishaji wa Mbawakawa Askari

Kosa lililonileta kwenye mada hii ni langu mwenyewe. Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, hapa Bukavu, rafiki yangu anayefanya kazi na kikundi cha wakulima wa mboga aliniletea kijitabu cha Kifaransa juu ya wadudu wanaomsaidia mkulima, akaniomba nikitafsiri kwa Kiswahili. Kilichapishwa Ulaya na kilikuwa na picha nzuri za rangi. Ukurasa mmoja ulimhusu mbawakawa mwembamba mwenye kifua chekundu na mabawa meusi, na chini ya picha paliandikwa kwamba ni wa familia ya "Cantharidés". Neno hilo sikulijua. Nilifungua kamusi nikakuta "cantharide": mbawakawa wa kijani ambaye sumu yake hutia ngozi malengelenge. Nikaona kazi imekwisha. Niliandika kwamba mdudu huyu hula vidukari, lakini asiguswe kwa mkono kwa kuwa anaunguza.

Msomaji wangu wa kwanza alikuwa mama mdogo, anayelima kabichi upande wa Kabare. Alisoma ukurasa ule mara mbili, kisha akasema, "Basi huyu ni wa kuua. Ni ndugu wa yule anayetuunguza shingo." Alimaanisha mdudu mdogo mwekundu na mweusi ambaye watu wa Nairobi wamempa jina la mji wao; ukimponda juu ya ngozi, kesho yake una kidonda kama cha moto. Kijitabu kizima kilikuwa kinaomba wadudu wale waachwe hai. Tafsiri yangu ilikuwa imemtolea mmoja wao hukumu ya kifo.

Nilipokwenda kusahihisha niligundua kwamba kosa langu lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 250. Katika insha hii nafuatilia jina Cantharis tangu lilipokuwa la mdudu mwenye sumu hadi likamwangukia asiye nayo. Mimi si mwanafunzi wa biolojia, nasoma historia na lugha. Lakini nadhani jambo hili linawahusu wanahistoria zaidi kuliko wanabiolojia, maana wao wanalitumia jina na kuendelea na kazi zao, na sisi wengine ndio tunaojikwaa juu yake.

Wagiriki wa kale walimwita "kantharis" mbawakawa ambaye waganga wao walimkausha na kumsaga kuwa dawa. Dawa hiyo imo katika maandishi yanayohusishwa na Hippocrates. Dioscorides, aliyeandika juu ya dawa katika karne ya kwanza baada ya Kristo, aliwasifu hasa wale wenye mistari ya manjano inayokata mabawa. Baadaye, kusini mwa Ulaya, aliyetumika zaidi alikuwa mbawakawa wa kijani kinachong'aa, yule wa kamusi yangu, ambaye wafanyabiashara walimwita inzi wa Hispania ingawa si inzi. Hao wote ni wa familia ambayo leo inaitwa Meloidae. Mwaka 1810 mkemia Mfaransa Pierre Jean Robiquet aliitenga sumu yao, nayo ikaitwa kantharidini. Ikigusa ngozi huifanya ivimbe malengelenge; ikimezwa huharibu figo na inaweza kuua. Hata hivyo madaktari wa Ulaya waliibandika makusudi juu ya ngozi za wagonjwa, wakiamini kwamba lengelenge huvuta ugonjwa utoke nje. Kwa karne nyingi, basi, kantharis lilikuwa jina la duka la dawa. Lilipimwa kwa mizani na lilikuwa na bei.

Mwaka 1758 Carl Linnaeus wa Uswidi alitoa chapa ya kumi ya Systema Naturae, kitabu ambacho wanazuolojia wamekubaliana kukifanya mwanzo wa majina ya kisayansi ya wanyama. Jenasi Cantharis imo, ila yule wa dukani hayumo ndani yake. Linnaeus alimpeleka kwenye jenasi nyingine na kumwita Meloe vesicatorius, yaani mtia malengelenge. Katika Cantharis aliwaweka mbawakawa wenye mabawa laini yanayopindika: Cantharis fusca, ambaye ndiye yule wa kijitabu changu, Cantharis livida, Cantharis rufa, na pamoja nao kimulimuli wa Ulaya, akiitwa Cantharis noctiluca. Linnaeus alikuwa na mazoea ya kuyachukua majina ya kale na kuyapa kazi mpya. Kwake jina lilikuwa kama ndoo: cha maana ni kwamba lipo na linashika. Mwenye ndoo ya kwanza hakuulizwa.

Paris hawakukubali. Miaka minne tu baadaye, mwaka 1762, Étienne Louis Geoffroy alichapisha kitabu chake juu ya wadudu wa mazingira ya mji huo. Geoffroy alikuwa daktari, na baba yake, Étienne François, alikuwa mkemia mashuhuri kutoka ukoo wa wauza dawa. Katika nyumba kama hiyo kantharis alikuwa mmoja tu. Geoffroy alimrudishia jina mbawakawa wa malengelenge, na wale laini wa Linnaeus akawaita Cicindela. Bahati mbaya Linnaeus alikwisha kulitoa jina Cicindela kwa mbawakawa mwingine kabisa, mwindaji mwenye mbio na taya kali. Kwa hiyo Geoffroy alirekebisha dhuluma moja kwa kufanya nyingine. Jambo moja alilofanya limesimama hadi leo: kimulimuli alimtoa katika kundi hilo akampa jenasi yake mwenyewe, Lampyris.

Jina la tatu lilitoka Ujerumani. Mwaka 1766 Jacob Christian Schäffer, mchungaji wa kanisa huko Regensburg, aliwaita mbawakawa hawa Telephorus, na Charles De Geer wa Uswidi akalichukua jina hilo katika juzuu aliyoitoa mwaka 1774. Ndani yake mna maneno mawili ya Kigiriki, "mbali" na "kubeba". La kwanza tunalo kila siku katika telefoni na televisheni. Kwa nini mdudu aitwe abebwaye kutoka mbali? Mimi nalisoma jina hili pamoja na kisa cha theluji, ambacho De Geer mwenyewe alikiandika. Huko Uswidi, wakati wa baridi, ardhi ikiwa imeganda na kufunikwa, watu walikuwa wakiona mabuu weusi wengi wakitembea juu ya theluji. Hakuna mdudu anayetoka chini wakati huo, hivyo ndivyo walivyoamini. Basi lazima wameanguka pamoja na theluji. De Geer, tajiri wa viwanda vya chuma aliyekaa Leufsta, hakuridhika na mvua ya wadudu. Aliwatambua kuwa mabuu wa mbawakawa hawa, na akatafuta sababu katika upepo mkali unaong'oa miti, kurusha udongo wa mizizini pamoja na wakazi wake, kisha kuwatua mbali. Leo tunajua kwamba mabuu hao hujifukia ardhini wakati wa baridi, na siku yenye ujoto kidogo au udongo unapojaa maji hupanda wenyewe hadi juu. Hawakubebwa na chochote. Lakini kisa hiki nakipenda kuliko vingine vyote niliyosoma, kwa sababu De Geer alikosea akiwa ametazama, wakati wenzake wengi walipatia wakiwa wamenakili.

Baada ya hapo palikuwa na majina mengi kuliko wadudu. Johan Christian Fabricius mwaka 1775 alimpa mbawakawa wa malengelenge jenasi Lytta, na humo ndimo alimo hadi leo, Lytta vesicatoria. Lakini maduka ya dawa yaliendelea kuandika Cantharis vesicatoria kwenye chupa zao katika karne ya 19, na wataalamu wengi wa Uingereza na Ufaransa waliendelea kuwaita mbawakawa askari Telephorus, na familia yao Telephoridae. Mtu aliyesoma neno Cantharis alipaswa kwanza ajue kitabu kimeandikwa na nani.

Ugomvi ulikwisha kwa kanuni tu; hakuna aliyegundua jambo jipya. Kadiri wanazuolojia walivyokubaliana juu ya sheria ya jina la kwanza, yaani jina lililotangulia kuchapishwa kihalali tangu 1758 ndilo linaloshinda, Linnaeus alikuwa ameshinda kabla mchezo haujaanza. Cantharis ni ya mbawakawa askari, Telephorus ikawa kisawe kilichostaafu, na familia ikawa Cantharidae. Sheria hiyo haiulizi nani alikuwa na haki zaidi ya jina, wala Wagiriki walimaanisha nini. Inauliza tarehe. Mwanzoni niliiona ni sheria ya kijinga. Sasa naona kwamba bila hiyo wangekuwa wanagombana mpaka leo, ingawa gharama yake ipo na inalipwa na watu walio nje ya ukumbi. Wafaransa katika lugha yao ya kila siku hawakuwahi kuhama: kwao "cantharide" ni yule wa kijani mwenye sumu. Wanasayansi wao wanaandika "Cantharidés" kwa maana ya wasio na kantharidini kabisa. Herufi chache za mwishoni ndizo zilizotofautisha tafsiri sahihi na yangu.

Hayo ni ya jina. Kuhusu kundi lenyewe, swali lilikuwa: ulaini wa mwili ni dalili ya undugu? Mfaransa Pierre André Latreille aliwakusanya mbawakawa laini chini ya neno lenye maana ya ngozi laini. (Latreille alikuwa padre, wakati wa Mapinduzi alifungwa Bordeaux, na kutambua kwake mbawakawa adimu aliyeokotwa gerezani ndiko kulikofanya wapenzi wa wadudu nje wamsaidie kutoka. Sijui mhadhiri gani wa leo angeokolewa na fani yake.) Nchini Marekani, John LeConte mwaka 1881 bado aliwahesabu mbawakawa askari kuwa tawi la familia ya vimulimuli. Mwaka 1955 Roy Crowson wa Glasgow aliwapa mbawakawa askari, vimulimuli na wenzao laini familia ya juu ya peke yao, Cantharoidea. Haikudumu. Mwaka 1988 John Lawrence, akifanya kazi Australia, aliivunja na kuwaingiza wote katika Elateroidea, pamoja na wale mbawakawa wagumu wanaoruka kwa kujifyatua wakilazwa chali. Uchunguzi wa DNA ulipofika, ulionyesha kwamba mwili laini umejitokeza zaidi ya mara moja katika kundi hilo, kwa nasaba mbalimbali, kila moja kwa njia yake. Kile alichokiona Linnaeus mwaka 1758 kuwa alama ya ukoo kilikuwa zaidi kama vazi linaloweza kuvaliwa na watu wa koo tofauti.

Familia yenyewe leo ina spishi zaidi ya 5,000 katika mabara yote yenye mimea ya kutosha, Afrika ikiwemo. Wengi wa hawa wa kwetu walipewa majina Ulaya, kutokana na vielelezo vilivyosafirishwa vikiwa vimechomwa pini. Maurice Pic wa Ufaransa alitoa majina kwa maelfu ya mbawakawa wa kila aina, mara nyingi kwa maelezo ya mistari michache katika jarida alilolichapisha mwenyewe, na waliomfuata wamelalamika sana juu ya kazi ya kujua alimaanisha mdudu yupi. Mswisi Walter Wittmer wa Basel alitumia sehemu kubwa ya maisha yake, katika karne ya 20, kuipanga upya familia hii, na makumbusho ya mji huo yamehifadhi mkusanyiko wake.

Maisha yao yanajulikana zaidi kwa spishi za Ulaya na Marekani. Jike hutaga udongoni. Buu amefunikwa na vinyweleo vifupi vingi hata anaonekana kama amevikwa mahameli. Hula konokono wadogo, minyoo na mabuu wa wadudu wengine, na hupitisha miezi ya baridi ardhini. Mpevu huishi majuma machache tu. Utamkuta mchana juu ya maua, akila chavua na mbochi, akikamata vidukari, na mara nyingi akiwa amepandana na mwenzake bila haya. Waingereza wana spishi moja ya rangi ya machungwa, Rhagonycha fulva, ambayo baadhi yao wameiita mnyonya damu. Hainyonyi damu ya mtu yeyote. Naona si sisi tu tunaohukumu kwa rangi.

Je, hana silaha kabisa? Anayo, na hapa kosa langu linapata utetezi kidogo, ingawa hautoshi. Mbawakawa askari wana tezi pembeni mwa mwili zinazotoa kimiminika kichungu. Mwaka 1968 Jerrold Meinwald, Thomas Eisner na wenzao huko Marekani walieleza asidi inayotolewa na Chauliognathus lecontei, ambayo huwafanya wawindaji wamteme. Ni kemikali nyingine kabisa, si kantharidini, wala haimtii mkulima malengelenge. Na ni silaha ya zamani sana: mwaka 2007 George Poinar na wenzake walimweleza mbawakawa askari aliyenaswa ndani ya kaharabu ya Myanmar, yapata miaka milioni 100 iliyopita, akiwa katikati ya kutoa majimaji yake dhidi ya adui. Utomvu uliwafunika wote wawili, yeye na ulinzi wake. Ila silaha hiyo haimfai mbele ya kuvu. Huko Arkansas, watafiti wamewaeleza askari wa spishi ya Chauliognathus pensylvanicus wanaoshambuliwa na kuvu inayowafanya waume ua kwa taya zao na kufia hapo. Saa kadhaa baada ya kufa, mabawa yao hufunguka yenyewe, na kuvu inamwagia vijimbegu vyake wale wanaokuja kwenye ua.

Nilirudi Kabare na lenzi ya kuazima na karatasi ya masahihisho. Mama mdogo alikuwa ameniwekea wadudu watatu katika kiberiti, wote wekundu kwa weusi, akataka nimwambie yupi ni yupi. Wa kwanza alikuwa rahisi: mabawa yake ya mbele ni mafupi kama koti la mtoto, na tumbo limebaki wazi nyuma. Huyo ndiye anayeunguza shingo, na sumu yake ni ya tatu, si ya Meloidae wala ya askari. Wawili waliobaki walikuwa na mabawa marefu. Hapo nilimtumia Geoffroy, maana yule yule aliyelichanganya jina ndiye aliyewafundisha wataalamu kupanga mbawakawa kwa kuhesabu pingili za nyayo zao. Mbawakawa wa malengelenge ana tano katika miguu ya mbele, tano katika ya kati, na nne katika ya nyuma. Askari ana tano kote, na ya nne imegawanyika kama kwato. Mwenye malengelenge pia ana shingo nyembamba, na kifua chembamba kuliko mabawa. Tulihesabu mlangoni, penye mwanga, yeye akishika kiberiti na mimi lenzi. Mmoja alikuwa na nne nyuma. Mwingine, tano.

"Sasa huyu wa tano anaitwaje?" akauliza.

Nikamwambia: mbawakawa askari. Nikamweleza kwamba Waingereza waliwaita hivyo kwa sababu ya wekundu wao, uliofanana na makoti ya jeshi lao la zamani, na kwamba wale wa buluu waliwaita mabaharia. Alinitazama kwa muda. Sisi huku, katika maneno ya kila siku, tunasema "basoda", na kila mtu wa Kabare anajua maana yake shamba linapokuwa tayari kuvunwa.

"Mwanangu," akasema, "askari akiingia shambani, analinda au anavuna? Ukiandika hivyo hakuna mama atakayemwacha."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikuwa nimetumia majuma mawili juu ya ugomvi wa Linnaeus na Geoffroy, kumbe ningeleta jina jingine lenye sumu ndani yake. Nilipendekeza mbawakawa mabawa-laini, kwa kufuata Wamarekani, ambao huwaita kwa mabawa yao yanayofanana na ngozi. Akalisema mara mbili kwa sauti, akaona ni refu, lakini akakubali kwamba halimtishi mtu.

Katika insha hii nimetumia jina askari kwa kuwa ndilo wasomaji watakalolikuta vitabuni. Katika kijitabu limeandikwa mabawa-laini. Sentensi juu ya kuunguza niliitoa, na mahali pake nikachora miguu miwili ya nyuma, mmoja wa pingili nne na mwingine wa tano.